Upele Uliotangulia Tiba

Mgonjwa akiketi mbele yangu na kufungua vifungo vya shati anionyeshe vipele vilivyomtoka mgongoni baada ya dripu ya pili ya dawa ya saratani, swali lake huwa lile lile: dawa ya mapafu imefuata nini kwenye ngozi? Mimi ni tabibu wa ngozi. Nilisomea Moshi, kwenye chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, na sehemu kubwa ya kazi yangu imepita katika kliniki za Kilimanjaro na Tanga: ukoma, upele, mapunye, vidonda vya jua kwa ndugu zetu wenye ualbino. Dawa hizi mpya, zinazoamsha kinga ya mwili ili ipigane na saratani, zimenikuta tayari nina mvi. Hata hivyo jibu ninalompa mgonjwa ni la zamani. Ninamrudisha New York ya mwaka 1891, kwa sababu tiba hii ilizaliwa na ugonjwa wa ngozi, na tangu siku hizo ngozi imekuwa ikionyesha mapema mambo ambayo madaktari walikuja kuyaelewa baadaye.

Januari ya mwaka huo msichana wa miaka 17, Elizabeth Dashiell, alifariki kwa saratani iliyoanzia mkononi. Daktari wake wa upasuaji, William Coley, alikuwa hajafikisha hata miaka 30. Alimkata mkono chini ya kiwiko, na bado saratani ikasambaa mwilini. Kifo kile kilimnyima raha. Akaenda kupekua majalada ya hospitali akitafuta mtu yeyote aliyewahi kuugua sarkoma, saratani kama ya msichana yule, akapona. Akakuta jalada la mhamiaji Mjerumani, Fred Stein, aliyekuwa na uvimbe shingoni uliokatwa mara kadhaa, na kila ulipokatwa ukarudi. Madaktari walikuwa wameshakata tamaa pale kidonda chake kiliposhikwa na erisipela.

Erisipela ni ugonjwa wa bakteria aina ya streptokoki. Ngozi inavimba, inakakamaa, inakuwa ya moto, na ukipitisha kidole unahisi kabisa ngozi yenye ugonjwa inapoishia na ngozi nzima inapoanzia. Homa inapanda, mgonjwa anatetemeka kitandani. Leo penisilini inautuliza, lakini katika wodi za karne ya 19 uliua wengi, na wauguzi waliuogopa mno. Stein aliugua, akanusurika, na homa ilipokwisha uvimbe wa shingoni nao ukawa umetoweka. Coley hakuridhika na maandishi ya jalada. Alizunguka mitaa ya wahamiaji maskini wa Manhattan hadi akamkuta Stein mwenyewe, mzima wa afya, kovu likiwa bado shingoni, takriban miaka saba baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kilichonivuta kwa Coley tangu nilipomsoma mara ya kwanza ni unyenyekevu huo: daktari wa kisu aliyekubali kwamba ugonjwa wa ngozi umefanya kazi iliyokishinda kisu chake, akatoka kwenda kuuliza.

Wapo waliomtangulia. Mjini Bonn, mwaka 1868, Wilhelm Busch alimwambukiza mgonjwa wa saratani erisipela kwa makusudi, na miaka ya 1880 Friedrich Fehleisen alithibitisha kwamba streptokoki ndiyo chanzo cha ugonjwa huo. Tofauti ya Coley ni kwamba hakuishia kwenye jaribio moja. Mei 1891 alianza kumchoma sindano za bakteria hai Mwitaliano mmoja aliyejulikana kwa jina la Zola, ambaye uvimbe wa shingo na koo ulikuwa unamzibia njia ya chakula. Miezi ikapita; ngozi ilivimba kidogo, homa ikaja na kuondoka, uvimbe ukapungua kisha ukarudi. Oktoba alipata bakteria wakali zaidi, waliotoka kwa Robert Koch huko Berlin. Safari hii Zola alishikwa na erisipela kamili, nusura imuue, na ndani ya majuma mawili uvimbe wa shingoni ulikuwa umeoza na kwisha. Aliishi miaka mingine minane.

Koch ndiye huyo huyo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, siku ambazo Wajerumani walikuwa wanakamilisha ile hospitali ya ufukweni ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wanafunzi wangu huwa ninawatajia hilo ili wajue kwamba historia hii haikupita mbali na mlango wetu.

Sitaipamba kazi ya Coley. Bakteria hai waliua baadhi ya watu aliotaka kuwaokoa, na hilo lilimlazimu kubadili njia. Januari 1893 alianza kutumia mchanganyiko wa bakteria waliokwisha kuuawa, na wa kwanza kuupata alikuwa John Ficken, kijana wa miaka 16 mwenye uvimbe mkubwa tumboni. Ficken alipona, akaishi hadi mwaka 1919, akafa kwa maradhi ya moyo. Ila wenzake Coley walipojaribu dawa ile, wengine walifanikiwa na wengi wakashindwa, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mionzi ilikuwa imeingia hospitalini ikiwa na vipimo vinavyoeleweka. Coley alipofariki mwaka 1936 dawa yake ilikuwa inaelekea kusahaulika, na pengine ingesahaulika kabisa kama binti yake, Helen Coley Nauts, asingeketi na majalada ya baba yake mgonjwa baada ya mgonjwa, kisha mwaka 1953 akaanzisha New York taasisi ya kuendeleza utafiti wa tiba ya kinga.

Wakati huo huo ngozi ilikuwa inaendelea kufundisha katika madarasa mengine. Koch alitangaza tuberkulini mwaka 1890 akidhani ni dawa ya kifua kikuu. Haikuponya, lakini ilionyesha jambo la ajabu: ukiichoma ndani ya ngozi ya mtu ambaye mwili wake umewahi kukutana na kifua kikuu, baada ya siku mbili hivi mahali pale panavimba na kuwa pagumu. Charles Mantoux aligeuza tukio hilo kuwa kipimo mwaka 1908, na sisi tulikitumia mikononi mwa watoto wa Kilimanjaro kwa rula na kalamu, tukipima ule ugumu kwa milimita. Ule uvimbe mdogo ni kumbukumbu ya kinga ya mwili iliyopanda hadi juu ya ngozi, ambako jicho linaweza kuisoma.

Kutoka huko ikaja BCG, chanjo ambayo sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tunaibeba katika kovu dogo karibu na bega. Mwaka 1970, Marekani, Donald Morton alichoma BCG moja kwa moja ndani ya vinundu vya melanoma, ile saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Vinundu vilivimba, vikachimbika, vikaisha; na kwa wagonjwa wachache hata vinundu ambavyo havikuguswa na sindano viliisha. Huko Buffalo, Edmund Klein alikuwa akipaka saratani za juu ya ngozi kemikali inayoamsha mzio, ili mwili uishambulie kemikali hiyo na saratani iende nayo. Mwaka 1976, Kingston, Kanada, Alvaro Morales aliripoti wagonjwa tisa wa saratani ya kibofu aliowawekea BCG ndani ya kibofu. Tiba hiyo ya Morales bado inatumika duniani kote, na mara nyingi mgonjwa ninayemweleza habari hizi hushika kovu la bega lake na kulitazama upya.

Afrika Mashariki na jirani zake walikuwa na shule yao, na mimi ni mwanafunzi wake. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ukoma utibiwe kwa dawa mchanganyiko, na ukoma ukaanza kupona kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa, miezi michache baada ya kuanza dawa, walirudi wakiwa na hali inayotisha zaidi ya walivyokuja: mabaka ya usoni yamevimba na kuwa ya moto, mishipa ya fahamu imekuwa minene na inauma, kidole cha mwisho kinaanza kulala. Sisi huiita hali hiyo riaksheni. Kijijini waliiita sumu. Wapo waliotupa vidonge mtoni wakaamini wamejiokoa.

Ukweli wake ulikuwa umeshachimbuliwa Addis Ababa miaka ya 1970, katika taasisi ya utafiti wa ukoma yenye jina la Armauer Hansen, ambako Tore Godal na wenzake walipima seli za kinga za wagonjwa wa ukoma. Waligundua kwamba riaksheni ya aina hii ni kinga ya mwili iliyokuwa imelala, sasa imeamka na kuanza kuwatafuta bakteria wa ukoma mahali walipojificha, yaani kwenye ngozi na kwenye mishipa ya fahamu. Haikuwa sumu ya dawa, wala ukoma wenyewe haukuwa umezidi nguvu. Hatari yake ilikuwa kwamba kinga ile haikubagua: iliwaandama bakteria ikaumiza na mshipa. Kwa hiyo tulifundishwa kanuni ambayo hadi leo ninaikariri kwa wanafunzi: tuliza riaksheni kwa prednisoloni, na dawa za ukoma ziendelee. Anayechelewa kuja anapoteza mkono. Anayeacha dawa anabaki na ugonjwa.

Somo la pili lilitoka Nairobi, na lilikuwa chungu. Kwa miaka mingi kifua kikuu kilitibiwa Afrika Mashariki kwa thiasetazoni, kidonge cha bei nafuu ambacho wengi walikimeza bila tatizo. Ulipoingia UKIMWI, ngozi ikapiga kelele. Ripoti iliyotoka Nairobi mwaka 1991 ilionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye VVU alipata madhara ya ngozi kwa kidonge hicho, ilhali kwa wasio na VVU ilikuwa nadra sana. Baadhi walichubuka ngozi mwili mzima, midomo na macho vikiwemo, na wapo waliokufa. Kidonge kikaondolewa kwa wagonjwa wa aina hiyo. Mtu yeyote wa kizazi changu aliyewahi kubadilisha shuka la mgonjwa wa namna ile, ngozi ikibaki kwenye shuka, hatathubutu tena kusema “ni upele tu”.

Na somo la tatu lilikuja na dawa za kufubaza VVU, ambazo mpango wa taifa ulianza kuzitoa Tanzania mwaka 2004. Mtu aliyekuwa amekonda, kinga imekwisha, anaanza dawa, ananenepa, halafu ghafla anatokwa na mkanda wa jeshi ubavuni au vipele vya mwasho miguuni. Anakuja analia kwamba dawa zimekataa mwilini mwake. Mara nyingi kinga ilikuwa inarudi, na ilipowakuta maadui wa zamani waliojificha ikaanza kupigana nao hadharani. Tulitibu ngozi na tukamsihi aendelee na vidonge.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wenzetu wa hospitali kubwa za saratani Ulaya na Marekani walikuja kuyakuta mambo ya aina hiyo hiyo kwa njia nyingine. Huko Bethesda, Marekani, Steven Rosenberg alikuwa amejitolea maisha yake kuamsha seli za kinga kwa interlukini-2, dawa inayozizidisha seli hizo. Mwaka 1984 alipata mgonjwa wake wa kwanza aliyepona kabisa, Linda Taylor, mwanamke wa jeshi la majini aliyekuwa na melanoma iliyosambaa. Dawa ile iliwaumiza wagonjwa: ngozi iliwaka, ikawasha, ikabambuka, na maji yakavuja kutoka kwenye mishipa ya damu. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Baadhi ya wagonjwa wa melanoma walianza kutokwa na mabaka meupe, mbalanga, mahali ambapo hapakuwa na saratani yoyote.

Mwaka 1996 Rosenberg na mwenzake Donald White waliandika walichokiona. Mbalanga iliwatokea wagonjwa wa melanoma, na iliwaelekea zaidi wale ambao uvimbe wao ulikuwa unapungua. Wagonjwa wa saratani ya figo waliopewa dawa ile ile hawakuipata. Maana yake ilikuwa wazi. Miaka miwili kabla, watafiti walikuwa wametambua protini za melanoma ambazo seli za kinga huzitafuta, na protini hizo zipo pia katika seli za rangi zenye afya. Kinga iliyofundishwa kuua melanoma ilikuwa inaua na jirani yake anayefanana naye. Weupe uliotokea mkononi ulikuwa taarifa ya kazi inayoendelea ndani ya mapafu na ini.

Wakati huo ndipo lilipozaliwa wazo la kuondoa breki. Seli T za kinga zina vizuizi vyake ili zisije zikaula mwili wenyewe. James Allison, akiwa Berkeley, alionyesha mwaka 1996 kwamba ukikizuia kimoja cha vizuizi hivyo, CTLA-4, panya wanaweza kuishinda saratani. Kyoto, Japani, maabara ya Tasuku Honjo ilikuwa imekitambua kingine, PD-1, mwaka 1992. Tahadhari haikukosekana: panya waliozaliwa bila CTLA-4 walikufa wakiwa na majuma machache tu, viungo vyao vimevamiwa na seli zao wenyewe.

Mwaka 2003 Rosenberg na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 14 wa melanoma waliopewa dawa ya kuzuia CTLA-4 pamoja na chanjo. Watatu uvimbe wao ulipungua. Sita walipata madhara makali ya kinga: ngozi, utumbo, ini, tezi ya ubongo. Hapo wanasayansi wengine wangeweza kuifunga kazi, na ninawashukuru kwamba hawakuifunga. Walijifunza kuyatambua madhara mapema na kuyatuliza kwa dawa jamii ya prednisoloni, kama sisi tulivyofanya kwa riaksheni ya ukoma. Machi 2011 dawa hiyo, ipilimumabu, iliidhinishwa Marekani baada ya utafiti wa wagonjwa 676 kuonyesha kwamba inarefusha maisha. Na iliidhinishwa ikiwa na onyo kali lililoitaja ngozi kwa jina. Mwaka 2014 zikafuata pembrolizumabu na nivolumabu, zinazozuia PD-1. Rais mstaafu Jimmy Carter alitibiwa kwa pembrolizumabu mwaka 2015, melanoma ikiwa imefika kwenye ubongo, na akaishi hadi akatimiza miaka 100. Mwaka 2018 Allison na Honjo walipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hizi zilipoenea kutoka melanoma hadi saratani ya mapafu, figo, kibofu na nyinginezo, ngozi ikawa miongoni mwa viungo vinavyosema mapema. Thuluthi ya wagonjwa au zaidi hupata jambo fulani la ngozi, na wanaopewa dawa mbili kwa pamoja hupata zaidi. Mara nyingi ni vipele na mwasho katika wiki za mwanzo. Wengine hupata magamba ya soriasisi au mabaka ya zambarau yanayoacha weusi. Wachache hutokwa na malengelenge, na wachache zaidi huchubuka ngozi kwa namna ile tuliyoijua kwa thiasetazoni.

Mmoja wa wagonjwa wangu, mwalimu mstaafu wa Rombo aliyekuwa ametibiwa India, alinifundisha kuhusu hao wenye malengelenge.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Usiku silali. Ninajikuna mpaka kunakucha, na huyu binti yangu anasema ni mbu.”

Alikuwa amejikuna kwa wiki nyingi bila kipele chochote cha maana, na binti yake alikuwa amemnunulia sokoni krimu isiyo na maelezo, ile ya kuchanganywa ambayo wengine huitumia kujichubua. Nilipomfunua mapaja niliyakuta malengelenge makubwa, magumu, yamejaa maji. Ni ugonjwa ambao Walter Lever wa Boston aliutenganisha na jamaa zake mwaka 1953, na kwa kawaida ni wa wazee. Kinga inaishambulia protini inayoshikilia tabaka la juu la ngozi lisibanduke, na protini hiyo imeonekana pia katika baadhi ya seli za saratani. Nilimpigia simu daktari wake wa saratani siku hiyo hiyo. Kipande cha ngozi kilikatwa na kupimwa, dripu ikasimamishwa kwa muda, prednisoloni ikaanza, na mwalimu akapata usingizi. Laiti mwasho ule ungechukuliwa kwa uzito tangu wiki ya kwanza, asingefika kwenye malengelenge akiwa amechoka vile.

Je, upele ni dalili njema? Wagonjwa huniuliza kwa macho yenye matumaini, na ninawajibu kwa uangalifu. Huko Villejuif, karibu na Paris, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 67 wa melanoma waliopewa pembrolizumabu, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Waliopata mbalanga walikuwa 17, na kati yao 12 uvimbe ulipungua. Kati ya 50 wasioipata, ulipungua kwa 14. Ni tofauti kubwa. Lakini hao 14 nao wapo, na ngozi yao ilikuwa safi. Anayekosa upele hajakosa tiba, na mwenye upele mkali hapaswi kuuvumilia kwa kuudhania kuwa baraka. Dawa ya kupaka haiizimi kinga inayopigana ndani, na uchunguzi wa mapema ndio unaomwezesha mgonjwa kuendelea na dripu zake.

Hapa ndipo ninapoona historia hii ina deni kwetu. Vitabu ambavyo wataalamu hawa walisomea huandika “wekundu” kwenye kila ukurasa. Thomas Fitzpatrick alipotengeneza Boston mwaka 1975 mizani yake ya aina za ngozi kwa jinsi zinavyopokea jua, alianza na ngozi nyeupe. Madaraja ya ngozi ya kahawia na nyeusi yaliongezwa baadaye. Mwaka 2020, London, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake walitoa kijitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi kwa sababu alikuwa hazioni darasani. Kwenye ngozi kama yangu, upele wa dawa hizi huwa wa zambarau, wa kijivu au weusi uliokolea, na mara nyingine unaonekana kwa kidole kabla ya jicho. Anayetafuta wekundu ataandika “hakuna upele” na kumruhusu mtu aende nyumbani akiwa ameshaanza kuungua ndani kwa ndani.

Mbalanga nayo ina uzito mwingine kwetu. Katika makala za Ulaya imeandikwa kuwa dhara dogo, tena lenye heri. Mtu mweusi mwenye mabaka meupe usoni anaulizwa na majirani kama ni ukoma, anatengewa kikombe, binti yake anaulizwa kuhusu damu ya familia. Nimewahi kukaa na familia nzima kwenye mkeka nikieleza kwamba baba hakuambukizwa na hataambukiza. Na melanoma yetu watu weusi hupenda kuanzia kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, kama ile iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley na kumuua mwaka 1981, na aina hiyo huitikia dawa hizi kwa shida zaidi. Tunahitaji kumbukumbu zetu wenyewe, za ngozi zetu wenyewe.

Kwa hiyo maombi yangu ni mawili. Kwa mgonjwa na nduguze: siku mwasho unapoanza, hata kama hakuna kipele, mpigie aliyekupa dripu. Usijipake krimu ya sokoni, maana baadhi yake zina steroidi kali iliyofichwa inayochafua picha ya ugonjwa. Usiache dawa kwa uamuzi wako, na usimfiche daktari kwa kuogopa kwamba ataisitisha. Ukiona malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, homa, au ngozi inayochubuka, usingoje kesho.

Kwa wenzangu wa kliniki, tuliozeeka na ukoma na VVU: tusijione wageni katika tiba hii. Prednisoloni tunaijua, kinga inayozinduka tunaijua, na tunajua kumshawishi mtu aliyekata tamaa asitupe dawa. Mvue mgonjwa nguo zote, mpeleke karibu na dirisha, pitisha mkono. Pima eneo kwa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Ikizidi asilimia 30, hilo ni jambo kubwa. Piga picha kwa ridhaa yake, kisha andika: dawa gani, siku ya ngapi tangu dripu, sehemu gani ya mwili, na rangi halisi unayoiona kwenye ngozi ile, iwe zambarau, kijivu au nyeusi. Jalada lililoandikwa hivyo litamsaidia mgonjwa huyo wiki ijayo, na litamsaidia daktari wa miaka 20 ijayo ambaye atakuwa anatafuta jinsi kinga inavyosema kwenye ngozi ya Mwafrika.